Alama Moja Juu ya Jina la Kesar

Mandvi, Kachi
Mwezi wa Chaitra, siku ya tano ya mwezi mchanga

Baba Kesar,

Salamu zikufikie huko Bombay. Mama yako magoti yanamsumbua, Vallabh anakwenda shule na kurudi na nguo zimechanika, ng'ombe mwekundu amezaa. Salamu zimekwisha, sasa nisikilize.

Jana karani wako Monji alikuja, akasimama nje ya pazia, akanitangazia kama mtu anayeleta habari za harusi: hospitali ya uzazi itaitwa Hospitali ya Ledi Thornbury. Nikadhani masikio yameziba. Nikamwambia arudie. Akarudia.

"Huyo ni nani kwetu?" nikamuuliza.

"Mke wa Bwana Mkubwa wa Serikali, mama."

"Amewahi kuzaa Mandvi?"

"Hapana, mama."

"Basi ana mtoto aliyemfia Mandvi?"

Monji akakohoa, akaomba maji ya kunywa.

Bombay ina kelele nyingi, na huenda umesahau hospitali hii ilianzia wapi. Acha nikukumbushe. Binti yetu alikuwa chumba cha nyuma, uchungu umemshika tangu juzi yake, mkunga ameshanyoosha mikono. Daktari alikuwepo. Kijana wa Kiparsi, ameketi barazani kwetu na mkoba wake mapajani. Wazee wa jamaa wakasema mwanamume mgeni hamgusi mke wa mtu. Wewe ndiye Sheth, tajiri mkuu wa jamaa yetu, na neno lako wazee hao hulipokea kama baraka ya hekalu. Tukakupelekea simu ya maandishi. Neno moja tu, "Aingie," lingetosha. Ukajibu: "Waulizeni wazee kwanza." Wazee wakaulizwa, wakaketi kikao, wakanywa maziwa yenye iliki. Walipoinuka, Kesar alikuwa ameshapoa, na mtoto wake tumboni.

Uliporudi ndipo nikavua bangili zangu zote, zile alizonivika baba yangu, nikazimwaga mbele yako. Nikasema jenga nyumba yenye daktari mwanamke, ili siku nyingine asiulizwe mzee yeyote. Ulilia. Ukasema, "Itakuwa ya Kesar." Nilikusikia mimi mwenyewe, hakunisimulia mtu.

Tena jambo jingine. Siku hizi barua zako zinaanza na "Mama Vallabh." Nampenda mwanangu, lakini aliyenifanya mama ni Kesar, na kufa kwake hakukunivua jina. Niite jina langu.

Mimi,
Mama Kesar


Bombay, 12 Aprili 1892

Mama Vallabh,

Barua yako imefika. Niliisoma nimesimama, nikaificha kifuani kabla makarani hawajanusa moshi wake.

Sasa nawe nisikilize. Mimi nimejenga nyumba ya wasafiri, nimechimba visima, nimefungua shule, nimelisha watu mwaka wa njaa hadi maghala yangu ya nafaka yakabaki na panya. Lakini nikienda kwa Bwana Mkubwa, mimi ninayelipa kodi nyingi kuliko mtaa mzima wa Wazungu, naambiwa nivue viatu mlangoni. Navivua. Nakaa barazani miguu mitupu, na kijana wa Kiingereza ambaye hata ndevu hazijamwota anapita na buti zake akiniruka kama gogo. Huko sokoni watu wakiniona wanashuka kwenye farasi! Mtu mwenye nishani ya Malkia haambiwi avue viatu. Nimeapa nitaingia chumba kile na viatu vyangu kabla sijafa, na jina la Ledi ukutani ndiyo njia. Tena ameahidi kutuletea daktari mwanamke kutoka kwao. Je, si ndicho ulichotaka?

Hilo la Kesar, tulia. Binti akishaolewa ni wa kwa mumewe. Tukiliandika jina lake ukutani, wakwe zake watasema tunawasuta, na wazee wa jamaa watasema tunawasuta na wao. Yaliyopita si ndwele.

Monji namhitaji huku, kwa hiyo fundi Ladha, mchonga mawe, atakuja kwako achukue maneno ya jiwe la mlangoni. Ni haya: "Hospitali ya Uzazi ya Ledi Thornbury. Imejengwa na," kisha jina langu na la baba yangu. Msomee polepole, ni mzee.

Liladhar Kanji


Mandvi
Vaisakha, siku ya tisa ya mwezi mchanga

Baba Kesar,

Fundi Ladha amekuja na amekwenda. Nimempa maneno yote ambayo mdomo wangu unaruhusiwa kuyasema. Jiwe limeshapandishwa juu ya mlango na limefunikwa kitambaa chekundu, watoto wasije wakalichungulia.

Nasikia utafika na meli ya Serikali pamoja na Bwana Mkubwa, na kwamba mtalala kwenye mahema waliyopiga ufukweni. Sikuamini. Mfuasi wa mungu Vishnu, asiyegusa hata kitunguu, alale hema moja na watu wanaokula nyama ya ng'ombe, na mlango wa mama yake uko mtaa wa pili? Njoo nyumbani. Nitakupikia mkate wa uwele, na siagi ya ng'ombe mwekundu ipo. Mama anakuulizia kila asubuhi.

Umeniandikia tena "Mama Vallabh." Nimeliona.

Mama Kesar


Bhuj, 22 Mei 1892

Mama Vallabh,

Sikuja nyumbani kwa sababu siku ile ningesema maneno ambayo mume hayasemi mbele ya mama yake. Nimefuatana na Bwana Mkubwa hadi huku Bhuj, na hapa ndipo nimepata utulivu wa kukuandikia.

Hivi ulimwambia nini Ladha? Nilisimama mbele ya Bwana Mkubwa, na Ledi, na maofisa, na wazee wa jamaa wote na vilemba vyao vipya. Bendi ikapiga. Mimi mwenyewe nikavuta kamba, kitambaa kikaanguka, nikasoma: "Hospitali ya Uzazi ya Kesar. Imejengwa na baba yake." Ledi alikuwa ameshatoa leso tayari kupangusa machozi ya furaha. Mumewe akaniuliza kwa upole, "Sheth, maandishi haya yanasemaje?"

Mungu hamtupi mja wake. Nilikikumbuka kile cheo cha Malkia wao hapa Bara Hindi: Kaisar. Kesar na Kaisar, kwa herufi zetu, tofauti yake ni alama moja tu juu ya herufi ya kwanza. Nikasema, "Bwana, ni jina la Malkia Mtukufu. Ledi ni mkubwa kwetu, lakini juu yake yuko mmoja."

"Na mstari wa pili?"

"Imejengwa na mtumishi wake."

Wakapiga makofi. Ledi naye akapiga, wa mwisho, lakini angefanyaje? Atamwonea wivu Malkia wake? Bwana Mkubwa akavua glavu akanipa mkono mbele ya watu wote. Amesema nishani nitaipata kabla ya mwaka kwisha. Wazee wa jamaa jiwe walilisoma vizuri, lakini wao kunyamaza wanajua.

Kwa hiyo nimekusamehe. Lakini siku moja atakuja Mzungu anayejua kusoma herufi zetu. Mwambie Ladha apande ngazi aongeze ile alama, jina lisomeke Kaisar, na pale penye "baba" achonge "mtumishi." Ifanyike kabla mvua hazijaanza.

Liladhar Kanji


Mandvi
Jeth, siku ya saba ya mwezi mchanga

Liladhar,

Umeshtuka? Hata mimi nimeshtuka. Tangu nivushwe kizingiti cha nyumba yenu, bado mtoto wa kuchezea vifuu, sijawahi kulitaja jina hili wala kuliandika. Tumelelewa tukiambiwa kwamba mke akitaja jina la mumewe anampunguzia umri. Nilikuwa nakuita Baba Kesar. Lakini huyo Baba Kesar alisimama mbele ya umati, jina la mwanawe liko juu ya kichwa chake, akasema yeye ni mtumishi wa Malkia. Umeutupa ubaba ukaokota utumishi! Basi mwenye jina lile hayupo tena, na huyu aliyebaki nitamwita kwa jina alilonalo.

Unauliza nilimwambia nini Ladha. Nitakueleza, na mzee wa watu usimguse. Alikaa upande wake wa pazia, mimi upande wangu, Mama kati yetu anachambua dengu. Akauliza hospitali ni ya nani. Nikajaribu lile jina la Kiingereza, ulimi ukagonga meno. Hapo nakiri ningeweza kujitahidi zaidi.

"Tuliweke kando hilo," Ladha akasema. "Kajenga nani?"

"Mwenye nyumba hii."

"Ana jina, mama?"

"Analo. Halipiti mdomoni mwangu."

"Sasa nichonge 'Halipiti Mdomoni'?"

Mama angeweza kulitaja, wewe ni mwanawe, na yeye ndiye aliyekupa hilo jina. Alicheka hadi akapaliwa, kisha akainamia dengu zake kama hakusikia.

"Haya, ni baba wa nani?" Ladha akauliza.

"Baba wa Kesar."

Mke wa Ladha naye alikwenda hivyo hivyo, mtoto tumboni. "Basi hospitali ni ya Kesar," akasema, "na kajenga baba yake. Mbona fupi, mama? Na jiwe lenyewe si kubwa." Nikamwambia chonga. Sikumdanganya mtu, Liladhar. Nilimpa ukweli wote niliokuwa nao.

Wewe uliposoma ukweli ule mbele ya watu, ukauuza. Alipokuwa hai ulimnyima neno moja. Sasa amekufa, umetafuta alama moja ya kumfutia jina. Hukumfikiria hata kidogo? Hukumwona pale, na nywele zake za mafuta, akikusubiri ngazini urudi kutoka Bombay? Na kuhusu viatu vyako, nimekuelewa. Iliniuma nilipoisoma, nikamlaani yule kijana na buti zake. Lakini wewe ili uingie na viatu umemkanyaga nani?

Ladha alikuja na ngazi jana, karani wako wa Bhuj amemtuma, maana mimi sikumwambia. Alinikuta nimeketi chini ya jiwe na sinia langu la dengu. Mama alikuwa pembeni yangu na fimbo yake, magoti na yote. Wake wa wapaka rangi wa mtaani walikuwepo, na wake wa hao hao wazee wa jamaa walikuwepo, maana na wao wanazaa. Ladha akatutazama, akasema, "Mimi ni fundi, si mwehu," akageuza ngazi.

Sasa sikia. Siku ile alama ikipanda juu ya jina la mwanangu, nitakwenda soko la nafaka mchana watu wamejaa, nifunue uso, nikuite kwa sauti: Liladhar! Liladhar! kama mtu anayeita mbuzi aliyepotea. Na kesho yake nitarudi. Wenye hesabu za umri wako wahesabu wenyewe nimekukata miaka mingapi.

Mimi, ambaye bado ni
Mama Kesar


Bombay, 30 Juni 1892

Mama Kesar,

Bahari imefungwa kwa dhoruba, barua yako imepita nchi kavu na imelowa, wino umetapakaa kila mahali isipokuwa pale juu kabisa. Nilikuwa sijui mkono wako unaliandikaje jina langu. Monji alikuwepo. Nilimwambia atoke nje afunge mlango.

Nimekasirika, nisikudanganye. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia Ladha, nikamkasirikia Mama na dengu zake. Mwisho hasira ikakosa mlango wa kubisha, ikarudi kwangu.

Jana nilikwenda kwa Bwana Mkubwa. Habari za nishani zimeshaenea, kwa hiyo mlinzi akaniinamia, akasema, "Sheth, wewe pita na viatu." Nikavivua. Niliingia miguu mitupu, nikamwambia jina lile ni la binti yangu, alikufa na mtoto tumboni huku daktari yuko barazani kwangu, na mimi ni baba yake. Akauliza kwa nini sikusema siku ile. Nikamwambia siku ile nilikuwa nimevaa viatu.

Hakucheka. Akasema nimemfanyia mzaha mkewe na nimelichezea jina la Malkia, kwa hiyo nishani niisahau, na yule daktari wao nimsahau pia. Hilo la nishani nililitegemea. Lakini daktari! Yaani wanawake wa Mandvi wakizalia nyumba ya Kaisar daktari yupo, wakizalia nyumba ya Kesar daktari hayupo! Damu ilinipanda, nikatoka bila kuaga, viatu nimevishika mkononi mbele ya watu wote, na sikujali. Nimemwajiri binti wa Kiparsi aliyesomea udaktari hapa hapa Bombay. Nitakuja naye kwa meli ya kwanza bahari ikifunguka, na nitalala nyumbani. Wazee wa jamaa wakitaka kumfanyia kikao, waketi. Maziwa na iliki nitawaletea mimi, na wakimaliza watamkuta ameshaingia kazini.

Alama isiwekwe. Lakini gazeti la huku limeshaandika hospitali ya Kaisar, na Bombay nzima inaamini hivyo. Kwa hiyo Ladha aongeze maneno mawili baada ya jina lake, mtu asikosee tena: "binti," halafu jina langu. Utamtajia mwenyewe. Mdomo wako sasa unalijua.

Baba Kesar


Mandvi
Shravan, siku ya tatu ya mwezi mchanga

Baba Kesar,

Fundi Ladha alikuja mvua ilipopumua. "Kesar binti nani, mama?" akauliza. Nikafungua mdomo. Jina halikutoka. Siku ile lilisukumwa na hasira, na hasira yenyewe umeizima kwa barua yako. Tena tangu nilipokuandikia nafunga kula kila siku ya kumi na moja ya mwezi, nikimwomba Mungu asiihesabu ile mara moja. Sitakubali kuiongeza kwa ajili ya jiwe.

Nikamgeukia Mama. Mama akainamia dengu.

"Haya," akasema Ladha, "nitachonga ninavyokujueni mimi." Akapanda ngazi.

Sasa jiwe linasema: "Hospitali ya Uzazi ya Kesar binti Baba Kesar. Imejengwa na baba yake." Mji mzima unacheka. Wapaka rangi wanauliza huu ni ukoo gani usiojua kujitaja, na mmoja wa wale wazee wa jamaa ametuma mtu kuniambia ni aibu. Nimemjibu aibu aliyonayo yeye inamtosha, asiongeze ya wengine.

Mkate wa uwele utaukuta, na chumba kile cha nyuma nimekifungua na kukipaka chokaa, alale daktari wetu hadi nyumba yake iwe tayari. Kila jioni naenda kuketi kidogo chini ya jiwe. Nalisoma, nacheka na mimi, kisha nalia, kisha narudi nyumbani. Hakuna atakayelisoma akadhani ni Malkia. Malkia ana majeshi, ana meli, ana nchi asizozijua hata majina, lakini hana Baba Kesar.

Mama Kesar